Nilivyokuwa Ulimi wa Bwana Kamba Huko Pemba

Ndugu zangu wa Mlandege, mmeniuliza nami nimenyamaza, na najua kimya changu kimewaudhi. Kila aliyenijia tangu nirudi ameanza na swali lilelile: Pemba kulikuwaje, na mbona umerudi umenuna? Nimeona niandike mara moja msomeane, maana nikisimulia kwa mdomo hasira hunipanda katikati na kisa hakifiki mwisho.

Namna kazi ilivyonijia wengi mnaijua, na mambo ya vibali na barua nayaruka. Shule ilikuwa imefungwa. Mzungu mmoja mstaafu alitaka mkalimani wa kufuatana naye Pemba siku kumi. Alikuwa akitayarisha kitabu kidogo cha kumwongoza mgeni atembee kwa miguu mjini Chake Chake na pembezoni mwake, aone mabaki ya tawala zilizopita pale, ya Mreno, ya Mwarabu na ya Mwingereza, yale ambayo wageni hawaoneshwi. Mimi mwalimu wa historia. Nilifurahi kama mtoto wa Idi, na furaha ile ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Jambo moja lazima nilikiri kabla sijaenda mbali. Aliponiuliza kama Kipemba nakijua, nilimjibu nakijua vizuri, kwa kuwa bibi yangu mzaa mama alitoka huko. Bibi yangu alifariki nikiwa na miaka sita.

Meli mpaka Mkoani

Meli ilikuwa iondoke asubuhi. Tulikaa gatini mpaka jua limesimama kichwani, na sababu ilikuwa kabati. Mkubwa mmoja alikuwa amehamishiwa Wete, na kabati lake la nguo halikuingia mlangoni. Wakalipindua, wakaligeuza, wakamwita seremala, na abiria mia na zaidi tukakaa juani kumngojea seremala atoe miguu ya kabati. Hakuna aliyekuja kutuomba radhi. Yule Mzungu wangu alikuwa juu, kwenye viti vya kivuli, anasoma.

Mimi nilikaa chini na watu. Pembeni yangu palikuwa na mama mmoja wa Wambaa anayerudi kwao kutoka kwenye harusi. Akafungua kikapu chake, akanimegea mkate wa kumimina na vipande vya pweza wa kukaanga bila kuniuliza jina. Tulipoanza kuzungumza ndipo aliponicheka. Nikisema "huku", yeye husema "kuno". Nikisema "hii", yeye husema "hino". Mara tatu aliniambia jambo nikaitika kwa kichwa, na mara ya tatu akanitazama akaniambia kwamba alikuwa ameniuliza swali.

Kama ningekuwa na akili, ningepanda juu saa ile ile nikamwambia Mzungu wangu kwamba lugha hii naijua nusu. Sikupanda. Nililamba mafuta ya pweza vidoleni, nikajiambia kwamba nitazoea.

Kutwa nzima Mkoani

Mkoani makuli wa gatini walimpa Mzungu wangu jina kabla mzigo wake haujagusa ardhi. Alikuwa na kamba ndefu ya kupimia, ya kitambaa kigumu chenye namba, imezungushwa ndani ya mfuko wa ngozi, naye hakukubali mtu mwengine aishike. Bwana Kamba. Jina lilitutangulia kila tulikokwenda.

Gari la Chake lilikuwapo pale pale, la mbao, na lilikuwa na nafasi. Bwana Kamba alilitazama akasema atangoja Landrova aliyoahidiwa. Gari likaondoka. Likaenda Chake, likarudi, likapakia tena, likaondoka mara ya pili. Sisi tuko pale pale. Yeye alikula biskuti kutoka kwenye kopo lake, amekaa juu ya sanduku lake. Mimi nilikwenda kwenye kibanda cha chakula nikala muhogo wa nazi na dagaa, na kila aliyeingia aliniuliza mimi wa chama gani. Mnajua siasa zilivyo siku hizi. Mgeni na karatasi zake hawezi kuja bure. Wengine walidhani tumekuja kuandikisha wapiga kura, wengine wakasema karafuu zitapimwa upya. Nikawaeleza kwamba tumekuja kutazama kuta za zamani. Mzee mmoja akauliza, kwa heshima kabisa, kama huko Unguja kuta zimekwisha.

Landrova ilifika alasiri. Dereva alisema hakuna aliyemwambia kwamba tunakuja.

Chake Chake kwa miguu

Chake tulipewa mtu wa kutuonesha njia, Mzee Faki, tarishi wa ofisi ya Mudiri, mwembamba, kofia yake imepigwa pasi ikasimama. Alikuwa amebakisha miaka miwili kustaafu, na alinieleza hivyo kabla ya kunieleza jina lake, ili nijue kwamba hataki matatizo na mtu.

Tulianza ngomeni. Nusu ya ngome haipo. Ilivunjwa kabla sisi hatujazaliwa, ipatikane nafasi ya hospitali. Mzee Faki alisema babake alikuwa miongoni mwa walioyabeba mawe yale kwa vikapu. Nikatafsiri. Bwana Kamba hakuandika. Akaniambia nimuulize ni kipande gani kilichojengwa na Mreno. Mzee Faki akajibu kwamba Mreno hamjui, anamjua babake.

Kutoka hapo tukateremka kwenye makaburi ya watawala wa kale wa Kiarabu, yamefunikwa na majani. Mzee Faki alivua viatu vyake pembeni akasimama, midomo ikicheza, anawasomea Fatiha. Bwana Kamba akaingia na mabuti akapanda juu ya kaburi moja apate kulipima. Akaninyooshea ncha ya kamba. Mimi nilivua viatu, ndiyo, nilivua. Kisha nikaingia nikaishika ile ncha.

Mchana tukafika kwenye nyumba moja kuukuu ambayo zamani liwali mmoja alikuwa akihukumu ndani yake. Ukutani, upande wa nyuma, mna pete ya chuma, nene kama kidole gumba. Mzee Faki aliishika. Akasema ami yake alifungwa hapo siku mbili, jua lake na mvua yake, yeye akiwa mtoto anatazama, kwa kukataa kwenda kuvunja mawe ya barabara.

Nikatafsiri. Bwana Kamba akatabasamu akasema hiyo ni pete ya kufungia farasi, ameziona nyingi za namna hiyo kwao.

"Mwambie kuno hakujakuwa na farasi," alisema Mzee Faki. "Kulikuwa na punda, na punda wa liwali alikuwa na banda lake."

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoanza kuwa mtu mwovu. Nilimwambia Bwana Kamba kwamba mzee anadhani huenda na watu pia walifungwa. "Anadhani." "Huenda." Maneno hayo mawili hayakutoka kinywani mwa Mzee Faki, niliyatia mimi, ili mambo yaende bila ugomvi na tuwahi kula. Bwana Kamba aliandika farasi. Nilimwona akiandika.

Siku ya pili tulikwenda Gombani kutafuta nguzo za mawe za barabara za Kiingereza. Tulizipata mbili, moja imegeuzwa jiko. Mwenye jiko alituomba tungoje wali uive ndipo apimiwe. Bwana Kamba alikataa kungoja, na sufuria ikateremshwa.

Njia ya Pujini

Siku ya tatu tulitoka mapema kwenda Pujini, kwenye magofu ya yule mtawala wa kale ambaye kila Mpemba anamjua kwa ukatili wake. Landrova ilikuwa imeitwa kwengine. Tukatembea. Njia inapanda na kuteremka, na kila bonde lina mpunga na tope lake. Mvua ilitukuta kwenye kijito, daraja lake ni mnazi mmoja uliolazwa, na Bwana Kamba akakaa upande wa kwanza nusu saa akitafakari ule mnazi huku wanawake wenye mizigo ya kuni kichwani wanampita. Mwishowe alivuka kwa kukaa, akijisogeza kidogo kidogo.

Tulijikinga mvua chini ya upenu wa nyumba moja tukapewa shelisheli la kuchoma. Huko ndiko Mzee Faki alikosimulia habari za mtawala yule: namna alivyowalazimisha watu wabebe mawe ya ngome yake wakiwa wamekaa chini, wajikokote kwa makalio, asiinuke mtu, na namna alivyojenga ukuta ndani ya kisima ili wake zake wawili wasionane wakiteka maji. Bwana Kamba alichangamka ajabu. Aliandika kurasa mbili, mimi nimemshikia mwavuli.

Niliyatazama maji yakichuruzika kwenye mwavuli na damu ikaanza kunichemka. Hadithi ya mtu aliyekufa miaka mamia iliyopita, isiyo na shahidi hata mmoja, ilikuwa historia. Habari ya ami yake Mzee Faki, ambayo yeye mwenyewe aliiona akiwa mtoto, ilikuwa farasi. Na mimi ndiye niliyempitishia zote mbili.

Uwanjani kwa Bi Time

Magofu ya Pujini si mengi kwa macho: tuta refu la udongo, handaki lililojaa miti, mawe mawili matatu, na kisima. Hatua chache kutoka kisimani pana nyumba ya udongo, na ndani yake tulimkuta Bi Time, mwanamke mtu mzima, mjane, mikono yake myeusi kwa utomvu wa muhogo. Alikuwa na minazi, mikarafuu kama ishirini, na nyuma ya jiko kaburi la mumewe lililozungushiwa mawe meupe. Tulipiga hodi akatukaribisha, akatandika mkeka, akatuma mtu juu ya mnazi, tukanywa madafu, Mzee Faki amekaa pembeni ya mkeka na lake.

Bwana Kamba alitaka nimuulize hii ardhi ni ya nani.

"Ardhi ya Mwenyezi Mungu, baba," alisema Bi Time. "Miti ndiyo yangu, mie na marehemu."

Nyinyi mnaosoma hamhitaji kuelezwa. Ndivyo mtu mwenye adabu anavyojibu. Hatujisifu kwa ardhi mbele ya wageni. Na kwetu aliyepanda ndiye mwenyewe. Miti ikiwa yake, nani wa kumwambia ondoka? Lakini mimi nilitafsiri neno kwa neno, ardhi ya Mungu, miti yake, na sentensi ilinitoka kwa Kiingereza kizuri sana. Nakumbuka niliona fahari.

Bwana Kamba akauliza tena: kwa hiyo ardhi si yake? Nikamgeukia nikamuuliza hivyo hivyo. Bi Time akacheka.

"Ardhi ya mtu, mwanangu? Sote si twaiacha."

Nikatafsiri kwamba anasema ardhi haina mtu. Akaandika haraka haraka. Kisha akatoa vigingi sita vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu, akanipa ncha ya kamba, tukavichomeka kutoka kisimani mpaka nyuma ya jiko. Bi Time aliniuliza ni vya nini. Nikamuuliza Bwana Kamba, akasema ni vya kuwaonesha wageni njia. Nikamwambia hivyo. Akasema karibuni, wageni baraka, akatufungia muhogo wa kwenda nao.

Karatasi

Kesho yake, kwenye nyumba ya wageni ya Chake, Bwana Kamba alinipa karatasi zake nizinakili kwa mwandiko safi. Za Mreno, za nguzo, za farasi. Chini kabisa palikuwa na ukurasa ambao haukuwa wa kitabu. Ulikuwa barua kwa wale waliomtuma, ambao sitawataja. Ulisema kwamba magofu ya Pujini yanafaa kuzungushiwa uzio na kutunzwa. Kwamba mkaaji wa ndani ya mpaka amekiri mwenyewe, mbele ya mkalimani, kuwa hana haki yoyote juu ya ardhi. Na kwamba aondolewe kabla ya masika. Chini paliachwa nafasi ya sahihi mbili. Moja ilikuwa yangu.

Nilimwendea ukumbini. Nilimwambia kwamba mwanamke yule hakukiri chochote, alijibu kwa adabu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Wewe ni mwalimu," alisema. "Ulitafsiri vizuri. Maneno yalikuwa yake au yako?"

Nikasema yalikuwa yake, lakini maana yake siyo hiyo.

"Basi unataka niandike maneno ambayo hakuyasema?"

Hakusema kwa ukali. Alikuwa mpole kama mtu anayemsaidia mwanafunzi hesabu, na upole ule ulinichoma kuliko tusi. Nikamwambia nilimdanganya, Kipemba sikijui vizuri. Akasema basi nimekula chakula chake bure. Nikamwambia sitii sahihi. Akasema atampata mwengine, na kwamba atamwandikia mkuu wa shule yangu. Ameandika. Barua ilipanda ndege ikanitangulia kufika, na wengine wenu najua mmeshaisikia.

Kurudi Pujini peke yangu

Alfajiri nilitembea njia ile ile, safari hii bila kamba na bila mwavuli. Bi Time alikuwa kizingitini anamenya muhogo. Nilimweleza yote, hata uongo wangu, na hakuacha kumenya. Nilitaka anikatize. Nilitaka anitukane. Alipomaliza muhogo ule akachukua mwengine.

"Ulisema nilivyosema," aliniambia hatimaye. "Hukusema nilichokusudia. Sasa nenda ukaseme."

Akaingia ndani, akajitanda buibui lake, akatoka. Tulifuatana na majirani wanne kwenda Chake, tukavuka kile kijito, Bi Time mbele. Ule mnazi aliupita bila hata kutazama chini.

Mudiri, mkubwa wa serikali pale Chake, alikubali kutusikiliza siku ile ile, kwa kuwa Bi Time alikaa kwenye ngazi za ofisi akasema haondoki. Bwana Kamba aliitwa na karatasi yake. Mimi nilisimama nikaeleza, mbele ya watu, kwamba mkalimani alikosea na mkalimani ni mimi. Karani mmoja alicheka. Bwana Kamba alisema kwa kifupi kwamba nilishajitangaza kuwa muongo mara moja, na atakayeniamini mara ya pili aniamini.

Nilidhani yamekwisha. Mudiri akauliza kama kuna mtu mwengine aliyekuwapo. Mzee Faki alikuwa mlangoni na faili mkononi; kazi yake ilikuwa kufungua mlango na kuufunga. Aliitazama sakafu. Kisha akaliweka faili juu ya meza.

"Nilikuwapo mie," alisema. "Nilivyaliwa kuno, na maneno ya Bi Time nayajua. Alisema shamba ni lake. Sote tuliokuwa na masikio tulisikia."

Kisha akalichukua faili akarudi mlangoni pake.

Mudiri aliandika muda mrefu. Nyumba itabaki, alisema, na miti itabaki. Lakini kisima lazima kipate nafasi, kwa hiyo mpaka utapita nyuma ya jiko. Ina maana kaburi la marehemu litakuwa ndani ya uzio. Bi Time akitaka kulizuru au kupalilia, ataomba ofisini afunguliwe. Majirani walipumua, mmoja akamnong'oneza Bi Time atoe shukrani. Bi Time alimtazama Mudiri.

"Niombe ruhusa ya kwenda kwa mume wangu?" aliuliza.

Mudiri akasema shauri limekwisha. Bwana Kamba alikwisha kukunja karatasi zake. Nje alinipita akaenda zake, na siku iliyofuata alikuwa ameshapata mkalimani mwengine, kijana hodari, ambaye sina ugomvi naye. Mzee Faki aliniambia nisimwandikie barua yoyote, kwa sababu ya miaka yake miwili.

Meli ya kurudi ilikuwa na siku mbili kabla ya kufika, nami sikuwa na pa kulala. Bi Time ndiye aliyesema nirudi naye Pujini. Kule aliwasha moto, akapika muhogo kwa nazi na papa mkavu, akanitilia sahani ya bati na kuiweka mbele yangu. Sikuweza kuigusa. Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Chake, mazuri, yenye Qurani na methali ndani yake.

Aliyasikiliza mpaka mwisho, anachochea moto.

"Sijakusamehe, mwalimu," alisema. "Labda nitakusamehe, sijui. Lakini umetembea, una njaa. Kula."

Nikala. Kilikuwa kitamu, na hilo nalo lilinikasirisha.